Vibarua Kwenye Bamba la Shaba

Katika mchoro wa kalamu na wino aliouchora mwaka 1568, Pieter Bruegel alimweka mbele kabisa kibarua mwenye kiu. Ni wakati wa mavuno ya ngano, na mtu huyo ameacha kazi kidogo ili anywe. Gudulia ni kubwa, kichwa kimelala nyuma, na uso wote umepotea nyuma ya chombo. Mguu wake mmoja umevuka mstari wa chini wa picha na kuingia kwenye nafasi iliyoachwa kwa ajili ya maandishi. Mundu wa mpini mrefu nao umevuka mstari huohuo. Nyuma anaonekana mwanamke aliyejitwisha kikapu cha mboga, na kikapu kimemfunika kiasi kwamba usingemtambua ukikutana naye sokoni. Wanaofanya kazi ngumu kuliko wote katika picha ile hawana nyuso. Lakini miili yao imechorwa na mtu aliyewatazama sana wakulima: anajua mgongo unavyopinda mtu akifyeka, na anajua mtu mwenye kiu ya shambani hanywi kwa adabu.

Mchoro huo, ambao leo uko katika jumba la sanaa la Hamburg, haukukusudiwa kutundikwa ukutani. Ulikuwa maandalizi ya chapa. Aliyeuhitaji ni Hieronymus Cock, mchapishaji wa Antwerp, ambaye duka lake la Pepo Nne lilisambaza picha za karatasi kwa wateja wa Ulaya nzima. Kazi ya kuuhamishia kwenye shaba alipewa fundi Pieter van der Heyden. Fundi wa namna hiyo aliketi mbele ya bamba la shaba lililosuguliwa likang'aa, akashika chuma chembamba chenye ncha kali, akakisukuma kwa kiganja huku mkono wa pili ukiligeuza bamba. Kila mstari wa ngano, kila mkunjo wa shati, ulikuwa mfereji mdogo uliochimbwa kwenye madini. Bamba likishapakwa wino, lilifutwa hadi wino ubaki kwenye mifereji tu, kisha likawekewa karatasi yenye unyevu na kupitishwa katikati ya magogo mawili ya mashine. Karatasi ilipobanduliwa, picha ilikuwa imegeuka: cha kulia kimekwenda kushoto. Bamba moja liliweza kutoa mamia ya nakala kabla mifereji haijachakaa.

Hapo ndipo habari ya vibarua hawa inapoanza kunigusa. Mtu aliyefyeka ngano katika uwanda wa Brabant kiangazi kile hakuwa na njia ya kumfikia mfanyabiashara wa Antwerp sebuleni kwake, isipokuwa kwa karatasi hii. Na karatasi hii haikuwa yake. Hakuilipia wala hakuiagiza, na maandishi yaliyochapwa chini yake yalikuwa ya Kilatini. Tangu mwanzo, chapa za kazi za shamba katika nchi ambazo leo ni Ubelgiji na Uholanzi zilikuwa mazungumzo ya watu wa mjini juu ya watu wa shamba. Mtu akizifuatilia kwa karne tatu na nusu, ataona mazungumzo hayo yakibadilika kadiri tumbo na mfuko wa mtu wa mjini vilivyobadilika.

Asili ya picha hizo ni vitabu vya sala. Matajiri wa zamani za kati walikuwa na vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, vyenye kalenda mwanzoni, na kila mwezi ulikuwa na kazi yake: Februari watu wanaota moto, Juni wanakata majani ya mifugo, Julai wanavuna, Novemba nguruwe wanalishwa mbegu za mialoni. Kitabu mashuhuri kuliko vyote vya aina hiyo, cha Mtawala wa Berry huko Ufaransa, kilipambwa na ndugu watatu wa Limbourg, wenyeji wa Nijmegen, waliofariki wote mwaka 1416. Katika kurasa zile mkulima anafanya kazi chini ya kuta za ngome ya bwana wake. Alichofanya Cock karne moja na nusu baadaye ni kuitoa kalenda ile kwenye kabati la mtawala na kuiuza kwa yeyote mwenye fedha za kununua karatasi.

Bruegel aliombwa majira manne. Mchoro wa machipuo aliumaliza mwaka 1565, nao unasema wazi kuliko ule wa mavuno nani ni nani. Ni bustani ya tajiri. Wanaume wanachimba matuta, wanawake wanapanda, na mama mwenye nyumba amesimama na mavazi yake ya heshima akiwaelekeza. Nyuma kabisa kondoo wananyolewa manyoya, na upande mwingine watu wa hali nzuri wanastarehe. Kila kitu kiko mahali pake, na mahali pa kibarua ni chini, magotini, mikono udongoni. Baada ya picha ya mavuno Bruegel hakuchora nyingine ya mfululizo ule, kwani alifariki mwaka 1569. Cock akamwendea Hans Bol amalizie vuli na majira ya baridi, na chapa zote nne zikatoka mwaka 1570. Mwaka huohuo Cock naye akafa. Duka likabaki mikononi mwa mjane wake, Volcxken Diericx, aliyeliendesha kwa miaka mingine 30, jambo ambalo wanahistoria wa sanaa walichelewa mno kumshukuru.

Tuiangalie miaka yenyewe. Baridi ya 1564 kuingia 1565 ilikuwa kali isiyosahaulika. Bei ya nafaka ikapanda, mafundi wa nguo wakakosa kazi. Mwaka 1566 umati uliingia makanisani na kuvunja sanamu za watakatifu, na mwaka uliofuata mfalme wa Uhispania, mtawala wa nchi hizo, akamtuma Mtawala wa Alba na jeshi lake kuja kuadhibu. Mwaka 1568, ule uleule wa mchoro wa mavuno, ndipo vita vilipoanza ambavyo vingedumu hadi 1648. Katika chapa ya mavuno huoni hata chembe ya hayo. Ngano imesimama juu kuliko watu, mikokoteni imejaa, kanisa la kijiji liko palepale. Kilatini cha chini kinamwambia msomaji kwamba majira haya ni mfano wa ujana wa mwanadamu. Mnunuzi wa Antwerp, aliyekwisha kuona mkate ukipanda bei mlangoni kwake, alikuwa akinunua uhakika kwamba mwaka bado unazunguka na kwamba kuna watu fulani ambao kazi yao ni kuuzungusha.

Hata hivyo Bruegel hakutoa uhakika huo bure. Ule mguu unaovuka mstari unanifanya niamini kwamba alijua alichokuwa akifanya. Karel van Mander, aliyechapisha kitabu chake cha maisha ya wachoraji huko Haarlem mwaka 1604, anasimulia kwamba Bruegel na rafiki yake Hans Franckert walikuwa wakivaa kama wanakijiji na kuingia kwenye harusi za mashambani, wakijifanya jamaa wa bwana harusi au bibi harusi, ili wawaangalie watu wakila, wakicheza na kutongozana. Kisa hiki kimekuzwa sana, na kwa muda mrefu kilifanya watu wamdhanie Bruegel mwenyewe kuwa mkulima. Hakuwa hivyo, alikuwa mtu wa mjini mwenye marafiki wasomi. Thamani ya kisa ni kwamba kinatuonyesha umbali: ili mchoraji awaone wanakijiji kwa karibu, ilimbidi abadili nguo.

Miaka 60 kabla yake, kijana Lucas van Leyden alikwisha kulijaribu jambo hilo kwa njia nyingine. Chapa yake ya mkamua maziwa, ya mwaka 1510, ni ndogo kama kiganja kilichofunguliwa, na katikati yake amejaa ng'ombe. Msichana amebeba ndoo upande mmoja. Upande wa pili mwanamume ameegemea mti na kumtazama. Wataalamu wengi wanaisoma kama utani wa mapenzi, na huenda wamesema kweli, maana wanunuzi wa Leiden walipenda utani wa namna hiyo. Mimi huvutwa zaidi na ng'ombe mwenyewe. Mifupa ya nyonga inaonekana chini ya ngozi, tumbo limening'inia, kwato zimekanyaga ardhi sawasawa. Hakuna mtakatifu katika picha, wala hadithi ya Biblia. Kazi ya kila asubuhi na kila jioni, ambayo hakuna aliyeiona kuwa habari, imepata bamba zima la shaba.

Antwerp ilianguka mikononi mwa Wahispania mwaka 1585. Maelfu ya watu wakakimbilia kaskazini, wakiwamo wafumaji, wachoraji na wachonga shaba. Hans Bol aliishia Amsterdam. Haarlem ilijaa watu wa Flanders na Brabant, na ujuzi wao ukaingia katika jamhuri mpya iliyokuwa inazaliwa. Pamoja na ujuzi yalikuja mabamba na chapa zenyewe. Mwaka 1559 na 1561 Cock alikuwa ametoa mifululizo miwili ya mandhari ndogo za vijiji vya Brabant, iliyochorwa na fundi ambaye jina lake halikuandikwa: njia ya udongo, nyumba zilizoezekwa kwa mabua, ua, mti, mtu mmoja mmoja anapita. Mwaka 1612, mchapishaji kijana wa Amsterdam, Claes Jansz. Visscher, alizichonga upya na kuziuza kwa jina la Bruegel, jina lililokuwa likivuta wateja.

Wakati huohuo Visscher alitoa mfululizo wake mwenyewe wa mahali pa kupendeza kandokando ya Haarlem, akiwaelekezea wapenzi wa mandhari ambao hawakuwa na nafasi ya kusafiri mbali. Mtu alikaa Amsterdam, akafungua karatasi, na akatembea mashambani kwa macho. Katika vituo vyake hivyo kuna viwanja vya kung'arishia vitambaa vya kitani, chini ya vilima vya mchanga. Kwa mbali ni utulivu mtupu: mistari myeupe imetandazwa juu ya majani mabichi. Kwa karibu ilikuwa kazi ya kuumiza mgongo. Vitambaa vilichemshwa kwa majivu, vikalowekwa katika maziwa yaliyochacha yaliyotoka kwenye mashamba ya jirani, vikasafishwa, vikatandazwa juani na kunyunyiziwa maji tena na tena kwa majuma mengi. Wengi wa waliofanya hivyo walikuwa wanawake wa msimu. Kwenye chapa ni vijiti vidogo vilivyoinama.

Tangu hapo mundu wa ngano unaanza kuadimika katika chapa za Kiholanzi. Hautoweki kabisa, kwa sababu kalenda ziliendelea: Jan van de Velde wa Haarlem alitoa mfululizo wa miezi 12 zaidi ya mara moja kati ya mwaka 1616 na 1618, na mavuno yamo. Lakini si kiini tena. Sababu moja kubwa, kwa maoni yangu, iko bandarini. Jamhuri ya Uholanzi ilikuwa inakula ngano na shayiri nyeusi za nchi nyingine. Kila mwaka meli za Amsterdam zilikwenda Bahari ya Baltiki, hadi Gdańsk, na kurudi zimesheheni nafaka iliyolimwa Poland na watumwa wa ardhi, watu waliofungwa kwenye shamba la bwana wao wasiruhusiwe kuondoka. Mchuuzi wa Amsterdam aliyekuwa akila mkate wake hakuwahi kumwona aliyeivuna nafaka yake, na hakuna mchonga shaba wa Haarlem aliyetoka nje ya lango la mji na kumkuta kibarua huyo akinywa gudulia lake. Alikuwa mbali mno, upande wa pili wa bahari.

Kwa kuwa nafaka ilinunuliwa, mashamba ya Uholanzi yaligeukia vitu vyenye bei: maziwa, siagi, jibini, kitani, katani, mizizi ya rangi nyekundu ya kutilia nguo. Na fedha za mjini zikaingia udongoni moja kwa moja. Ziwa la Beemster, kaskazini mwa Amsterdam, lilikaushwa kwa vinu vya upepo na kuwa ardhi ya kilimo mwaka 1612, zaidi ya hekta 7,000. Waliotoa mtaji ni wafanyabiashara, mstari wa mbele akiwa Dirck van Os, mmoja wa waasisi wa Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki. Mwaka uleule, basi, Visscher anauza vijiji vya kale kwenye karatasi, na wateja wa aina yake wanamiliki mashamba mapya yaliyonyooka kama rula. Hesabu ya watu ya jimbo la Holland ya mwaka 1622 ilipata watu wapatao 670,000, na zaidi ya nusu yao waliishi mijini. Hakuna nchi nyingine ya Ulaya wakati ule iliyokuwa na watu wa mijini wengi kiasi hicho, na hakuna iliyonunua picha za mashambani kwa wingi kiasi hicho. Mambo hayo mawili hayakukutana kwa bahati.

Majani ya ng'ombe nayo yalihitaji kukatwa, kugeuzwa juani na kurundikwa kabla mvua haijayaozesha. Kwa majuma machache ya Juni na Julai wakulima wa Holland na Friesland walihitaji mikono kuliko waliyokuwa nayo. Mikono hiyo ilikuja kwa miguu kutoka Westphalia, upande wa Ujerumani: wanaume wenye vipande vidogo vya ardhi kwao, waliobeba miundu na nyama ya nguruwe iliyokaushwa, wakilipwa kwa eneo walilofyeka, wakilala mabandani. Msafara huo ulidumu karne mbili na zaidi. Mwanahistoria Jan Lucassen, akitumia uchunguzi uliofanywa na serikali ya Napoleon mwaka 1811, amekadiria kwamba wakati ule vibarua wa msimu wapatao 30,000 walihamia kila mwaka ukanda wa pwani ya Bahari ya Kaskazini. Waholanzi waliwacheka jukwaani na katika nyimbo. Katika chapa za mandhari, mfyekaji anapoonekana, hana chochote kinachomwambia mtazamaji kwamba mtu huyu ametembea siku nyingi kutoka kwao ili ng'ombe wa Uholanzi wapate chakula cha majira ya baridi. Amekuwa sehemu ya mandhari, na mandhari imekuwa ya Kiholanzi.

Mahali pa kazi pakaingia mapumziko. Jambo hili lilikwisha kuanza kwa namna ya mahubiri. Mwaka 1605 Jacob Matham alichonga mfano wa magugu katika ngano, kufuatia mchoro wa Abraham Bloemaert wa Utrecht. Wasomaji wa Injili ya Mathayo wanaujua: watu walipolala, adui akaja akapanda magugu. Bloemaert aliwalaza wakulima wake chini ya miti, wakiwa wamejitupa kabisa, na shetani nyuma yao anapita shambani akipanda. Alirudia habari hiyo kwa rangi mwaka 1624, safari hii wakulima wakiwa uchi na usingizi wao ukiwa mzito zaidi. Mwanawe Frederick baadaye alichonga michoro mingi ya baba yake ya wakulima na wachungaji waliokaa, walioegemea, waliosinzia. Ni kazi nzuri, yenye mistari laini. Lakini inaumiza kidogo ukikumbuka kwamba mtu aliyeamka kabla ya jua kukamua ng'ombe amebaki kwenye karatasi kwa dakika zile 20 alizofumba macho, na juu ya hizo akahukumiwa uvivu.

Adriaen van Ostade ndiye aliyeyapa mapumziko hayo heshima. Alizaliwa Haarlem mwaka 1610, mtoto wa mfumaji aliyetoka maeneo ya Eindhoven, akaishi na kufa katika mji uleule mwaka 1685. Ameacha chapa zipatazo 50, nazo hazikuchongwa kwa nguvu ya kiganja kama za van der Heyden. Ostade alitumia tindikali. Bamba lilipakwa utando wa nta na utomvu, yeye akachora juu yake kwa sindano kwa wepesi wa mtu anayechora kwenye karatasi, kisha tindikali ikala shaba pale tu sindano ilipofungua. Njia hiyo inashika mtetemo wa mkono. Ndiyo maana kuta zake zinaonekana kubomoka kweli, na majani ya mzabibu juu ya mlango yanaonekana kutikisika.

Akiwa kijana, Ostade alipaka rangi wanakijiji wakorofi, walevi wanaopigana vilabuni, kama soko lilivyotaka. Katika chapa za tangu mwaka 1647 hivi, hali imebadilika. Banda la mazao la mwaka huo ni chumba kikubwa chenye giza ambamo mwanga unapenya mbaoni. Mtu mwenye kuwahi kuingia ghalani mchana wa jua anajua mwanga ule. Mwaka 1652 alichora mwanamke anayesokota uzi mbele ya nyumba yake, nguruwe wamelala karibu. Wengi huiita picha ya amani ya kijijini. Mimi naiona kuwa mojawapo ya chapa zake chache za kazi ya ujira, kwa maana kusokota uzi kulikuwa kazi iliyojaza saa zote za mwanamke wa shamba ambazo hakuwa jikoni, zizini au kisimani, na uzi ule ulielekea mjini. Mwaka uliofuata ikaja picha ya familia inayosali kabla ya kula: meza ndogo, chombo kimoja, baba ameshika kofia mkononi. Hakuna kicheko wala kejeli. Kazi imekwisha nje ya picha, nasi tunaona kile ilichonunua, na si kingi.

Sisemi Ostade alikuwa mtetezi wa maskini. Aliongoza chama cha wachoraji cha mji wake, akajua vizuri bei ya kazi zake, na wateja wake walikuwa watu waliopenda kuona ufukara uliotulia. Wakulima wake hawadai kitu, na Holland ya karne ile ilikuwa na madeni ya kodi ya ardhi na mafuriko, mambo ambayo hayapiti mlangoni mwa nyumba zake. Lakini ni yeye aliyewarudishia nyuso. Ukiiweka familia yake inayosali kando ya mavuno ya Bruegel, utaona yule mmoja ana mwili usio na sura na huyu ana sura isiyo na kazi. Chapa za Kiholanzi za karne ya 17 hazikufanikiwa kuviunganisha viwili hivyo.

Rembrandt alikaribia, kwa kupita tu. Katika miaka ya 1640 na mwanzoni mwa 1650 alitoka mara nyingi Amsterdam kwa miguu, akifuata kingo za Mto Amstel na maboma ya bahari, na kuchora nyumba za wakulima. Katika chapa yake ya mwaka 1641 yenye nyumba na ghala la majani makavu, utaona kifaa ambacho wakulima wa huko walikibuni kwa akili sana: paa linaloning'inia kwenye nguzo ndefu, linaloinuliwa majani yakiongezeka na kushushwa ng'ombe wakiyapunguza. Karibu mwaka 1650 alimchora mchuuzi wa maziwa akipita na mzegazega begani, ndoo mbili zikining'inia, mbwa akimfuata. Mtu huyo ni mdogo sana, mistari michache tu, lakini uzito wa ndoo unaonekana. Naye Paulus Potter, aliyechapa mchunga ng'ombe wake mwaka 1643 akiwa na miaka 17 na kufariki mwaka 1654 kabla hajafikisha 30, aliwachora ng'ombe kwa mapenzi ambayo wachungaji wake hawakupata. Ng'ombe ndiye aliyekuwa utajiri wa nchi. Mchungaji alikuwa ni wa kukodi.

Karne ya 18 inaweza kupitwa haraka. Wakusanyaji wa Paris na London waligombea chapa za Ostade, na mabamba yake yaliendelea kuchapishwa baada ya kifo chake hadi mistari ikafifia, yakikwanguliwa na kuongezewa. Mkulima wa Kiholanzi akawa kitu cha kabati la mtaalamu, kinachosifiwa kwa ubora wa nakala.

Aliyelitoa jambo hili kabatini ni Vincent van Gogh. Mwishoni mwa mwaka 1882 alikuwa The Hague, hana fedha, akifanya majaribio ya chapa za jiwe: unachora kwa kalamu yenye mafuta, jiwe linaloweshwa maji, na wino unashika kwenye mafuta tu. Mojawapo ilikuwa ya mzee wa nyumba ya kulelea maskini. Wafanyakazi wa kiwanda cha mchapaji Smulders waliiona ile picha kwenye jiwe, wakaomba wapewe nakala waitundike ukutani. Van Gogh aliiandika habari hiyo kwa ndugu yake Theo kwa furaha ambayo bado inasomeka kwenye barua. Akaanza kupanga mfululizo wa michoro 30 hivi ya watu wa kazi, itakayouzwa kwa senti chache ili iingie kwenye nyumba za wafanyakazi na wakulima wenyewe. Mwaka 1883 akachapa mtu anayechoma magugu shambani. Tangu Lucas van Leyden, hii ndiyo mara ya kwanza ninayoijua ambapo mchoraji wa Kiholanzi alikaa na kukokotoa bei ya picha ya kibarua kwa mfuko wa kibarua. Mpango ulikufa kwa kukosa mtaji na wenzake wa kumuunga mkono.

Miaka miwili baadaye alikuwa Nuenen, karibu na Eindhoven, eneo lilelile alikotoka baba yake Ostade. Huko aliichora familia ya de Groot ikila viazi usiku chini ya taa. Aprili 1885, kabla ya kukamilisha picha ya rangi inayojulikana na kila mtu, aliichora juu ya jiwe kwa kumbukumbu na kuichapa Eindhoven kwa mchapaji Gestel. Ni meza ya Ostade, lakini wanaoizunguka wameletwa pamoja na kazi yao. Alimweleza Theo kwamba alitaka ionekane kuwa mikono inayoingia kwenye sahani ndiyo iliyochimba ardhi, na kwamba chakula kile wamekitafuta kwa haki. Rafiki yake Anthon van Rappard, aliyetumiwa nakala, alimjibu kwa ukali: mikono si sahihi, kiwiko hakikai sawa, pua zimeharibika. Van Gogh aliirudisha barua, na urafiki wao haukupona.

Rappard hakukosea kuhusu viwiko. Alichokosea ni kudhani kwamba usahihi wa kiwiko ulikuwa hoja. Kwa zaidi ya miaka 300 mafundi wa shaba walikuwa wamewachora wakulima kwa usahihi wa kupendeza, wakawauza kama majira ya mwaka, kama mahubiri, kama pahali pa kutembelea. Kiangazi hicho hicho Van Gogh aliendelea na kazi mashambani kwa chaki nyeusi, kwenye karatasi kubwa: mvunaji mwenye mundu, mwanamke anayeokota masazo ya mavuno, mchimbaji wa viazi, migongo yote imepinda. Nafikiri michoro hiyo ilistahili kuchapwa kwa maelfu kuliko kitu kingine chochote alichowahi kufanya. Haikuchapwa. Katika maisha yake yote alitoa chapa kumi tu, tisa za jiwe na moja ya tindikali, na ile ya mwisho, ya mwaka 1890, ni ya daktari wake huko Auvers, amekaa na kiko chake mdomoni.